Makaa Juu ya Kifuniko

Msikilizaji wangu, kama uko kwenye matatu unarudi nyumbani, vizuri. Kama uko jikoni, vizuri zaidi, maana mazungumzo ya leo ni ya jikoni.

Mwaka juzi, tarehe 24 Desemba, gesi iliniishia hapa Ruring'u ikikaribia saa moja ya jioni. Mayai manne nilikuwa nimeshayavunja. Sukari na siagi nilikuwa nimeshazipiga mpaka zikawa nyeupe, unga umeshachekechwa, na oveni niliiwasha mapema ipate moto. Nikafungua mlango wake kutia keki, nikapokewa na ubaridi. Nikautikisa mtungi, ukanijibu kwa wepesi wake. Nikakimbia kwa jirani anayeuza gesi, nikakuta mitungi ya kilo 13 imemalizwa tangu mchana na watu walioshuka kutoka Nairobi. Alichobaki nacho ni meko ya kilo 6, ambayo haiwezi kuungana na oveni yangu hata uibembeleze vipi.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua minji. Hakuinua kichwa. Aliuliza swali moja tu: "Kwani makaa nayo yameisha?"

Basi jiko likawashwa. Mama akatoa sufuria kubwa nene, ile ambayo sisi watoto wake tulikatazwa kuitumia kwa kitu kingine chochote, akamwaga ndani mchanga wa mto alioukausha na kuuchekecha, kimo cha vidole viwili. Mchanga huo yeye huuweka kwenye kopo kuukuu la rangi, mwaka nenda mwaka rudi, kama mtu anavyoweka chumvi. Akauacha upate moto kwanza. Kisha akachukua sufuria ndogo, akaipaka siagi, akaitandika jani la mgomba alilokuwa amelipitisha juu ya moto likalegea, akamimina keki yangu, akaitumbukiza juu ya mchanga. Akafunika kwa kifuniko bapa cha bati. Halafu akafanya lile jambo ambalo ndilo siri yote: akapunguza makaa ya chini yakabaki kama konzi mbili, na yaliyobaki yote akayahamishia juu ya kifuniko.

Nikamwambia, "Mama, juu umeweka mengi mno." Akaniambia nirudi kwenye minji.

Alikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka. Joto la chini linapita kwenye chuma na mchanga, linafika kwa keki moja kwa moja, kwa hiyo dogo tu linatosha kuunguza. Joto la juu linalazimika kuvuka hewa iliyo kati ya kifuniko na keki, nalo linapotelea njiani. Ukiyagawa makaa sawa kwa sawa, utapata keki yenye tako jeusi na uso uliopauka kama mgonjwa. Theluthi moja chini, theluthi mbili juu: hapo ndipo mizani inapokaa. Tulingoja dakika 50. Mama akachomeka njiti ya kufumia sweta katikati ya keki, ikatoka kavu, akasema sasa nilale.

Kesho yake, mezani, nilifanya kosa. Wageni wamekula pilau na chapati, wameshiba, nikaleta keki huku nikisema, "Samahanini jamani, hii ni ya makaa tu, gesi iliisha." Mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kwa keki za supamaketi, alikula vipande vitatu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama pale pembeni palipokauka na kuwa rangi ya kahawa pamebaki kidogo. Ile samahani yangu ikanirudia mdomoni kama ndimu.

Kwa nini niliomba msamaha? Nimekaa na swali hilo mwaka mzima na zaidi, na jibu nililofikia ndilo ninalowaletea leo. Sisi wa nchi hii ya mlima tumefundishwa kuamini kwamba kitamu cha Krismasi kina nyumba yake ya halali, na nyumba hiyo ina oveni, kitabu cha mapishi na kikombe cha kupimia chenye mistari. Chochote kinachotengenezwa nje ya hapo tunakiita cha kubahatisha. Mimi nasema tumepindua mambo. Hapa tulipo, kwa moto tulio nao na hewa tunayoivuta, kilichobahatisha ni kile kitabu.

Hebu tuanze na hewa. Nyeri mjini tuko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Kieni au Nyandarua unazidi mita 2,000. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa joto lililopungua nyuzi moja. Kule Mombasa yanachemka kwenye nyuzi 100; hapa Ruring'u ni 94 hivi. Hewa yetu ni nyepesi, haiikandamizi keki, kwa hiyo ile gesi inayotokana na bekin pauda inatanuka haraka kuliko alivyotarajia mwandishi wa kitabu aliyeketi London. Keki inapanda kwa majivuno, kuta zake hazijakomaa, halafu inaanguka katikati ikawa kama bakuli. Wangapi wenu mmeangukiwa na keki mkadhani mtoto ameruka karibu na jiko, au mlango umefungwa kwa kishindo? Nyumbani kwetu lawama hiyo ilimwendea kaka yangu miaka yote. Kumbe mwenye makosa ni mwinuko.

Dawa yake si ngumu. Kitabu kikikuambia kijiko cha chai kimoja cha bekin pauda, wewe punguza kama robo. Sukari, katika kila kikombe, ondoa kijiko kimoja kikubwa au viwili. Maziwa, ongeza vijiko vikubwa viwili mpaka vinne, kwa sababu hapa maji yanakauka haraka. Mama hakuyasoma haya popote. Alikuwa akionja, akitazama, akikumbuka ya mwaka uliopita. Kijiko chake cha bekin pauda hakikujaa kamwe, nasi tukadhani ni ubahili.

Sasa, ujuzi huu wa kuoka ulitufikiaje? Kabla ya ngano, utamu wa sherehe katika nchi ya Wakikuyu ulitoka kwenye asali, ndizi mbivu, miwa na viazi vitamu, yaani ngwaci. Keki iliingia na wageni, na iliingia kwa milango mingi. Mmoja ulikuwa mlango wa nyuma wa nyumba za walowezi. Mwaka 1928, akina mama wa kanisa la St Andrew's jijini Nairobi walichapisha kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kikawa kinarudiwa kuchapishwa kwa miongo. Lakini mikono iliyokoroga unga mashambani, na katika hoteli za wazungu hapa Nyeri, ilikuwa ya wapishi Waafrika, wengi wao wanaume, na moto wao mara nyingi ulikuwa wa kuni. Wapishi hao walirudi nyumbani likizo na ujuzi kichwani. Oveni hawakuwa nayo. Walikuwa na debe la mafuta ya taa.

Debe hilo ukilipata leo linunue. Linalazwa ubavu, linakatwa mlango upande mmoja, linajengewa mawe na udongo, moto unakaa chini na makaa juu. Guka wangu, yaani babu, alikuwa nalo. Alikuwa amepika kwenye shamba la mlowezi upande wa Naro Moru, na keki yake ya matunda makavu ilikuwa haina zabibu kavu hata moja, kwa sababu zilikuwa ghali. Aliweka ndizi mbivu zilizokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani juu ya mabati, na maganda ya machungwa yaliyochemshwa kwa sukari. Kila Krismasi aliiita kwa jina la Kiingereza alilofundishwa, kwa uso mkavu kabisa.

Mlango wa pili ulikuwa misheni. Wakonsolata, Waitaliano kutoka Turin, walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902 wakaadhimisha misa yao ya kwanza Tuthu, Murang'a, kisha wakajenga Nyeri. Waskoti nao wakashika Tumutumu, karibu na Karatina. Hapa nina la pembeni linalonichekesha. Kwa Waskoti wa Kipresbiteri, Krismasi haikuwa sikukuu kubwa ya kanisa, na kwao Skotilandi ilifanywa siku ya mapumziko ya kitaifa mwaka 1958 tu. Kwa hiyo kuna watu walioleta Biblia na skoni huku milimani ambao wao wenyewe, kwao, tarehe 25 Desemba wangeweza kwenda kazini kama kawaida. Sisi tulipopewa thigũkũ hiyo, yaani sikukuu, tuliishika kwa mikono miwili, tukaijaza nyama, na hatujaiachia.

Mlango wa tatu una uchungu kidogo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, mwaka uleule uliotangazwa Hali ya Hatari. Katika vijiji walikokusanywa watu wetu kwa lazima kuanzia 1954, nyuma ya mahandaki na miti iliyochongwa, kulikuwa na vikundi vya kufundisha wanawake kushona, kufuma, kulea watoto na kupika kwa mtindo wa kigeni. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nia yake. Ilitaka mama aliye na sindano mkononi asipeleke chakula kwa wapiganaji waliokuwa msituni. Wanawake walichukua sindano, wakachukua na mapishi, na baadhi yao wakaendelea kupeleka chakula msituni. Na ile siku ya Desemba 1963, siku chache baada ya Uhuru, wapiganaji walipotoka kwenye misitu ya Nyandarua na Kirinyaga wakaja hapa, kwenye uwanja wetu wa Ruring'u, wakiwa na nywele ndefu na ngozi za wanyama, ilikuwa imebaki takriban wiki moja Krismasi ifike. Mara nyingi nikipita pale uwanjani mwezi huu huwa najiuliza walikula nini kitamu wiki hiyo. Baada ya miaka yote ya kula kilichopatikana msituni, chai yenye sukari pekee ingetosha kuwa sherehe.

Mlango wa mwisho naukumbuka mwenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo la sayansikimu likatufikia sisi watoto wa shule za msingi. Mmoja wetu alileta yai, mwingine unga kikombe kimoja, mwingine siagi iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, imeshayeyukia kwenye hesabu za jana. Mwalimu hakuwa na oveni. Alikuwa na sufuria, mchanga na makaa. Kizazi kizima cha wanawake na wanaume wa mlimani kilifundishwa kuoka hivyo, shuleni, kwa chaki na ubao, kama elimu rasmi. Halafu tukakua, tukapata mshahara, tukanunua oveni kwa mkopo, tukaanza kuona aibu.

Na hao Waingereza tunaowaonea aibu, kwao ilikuwaje? Chukua hadithi maarufu ya Krismasi ya Charles Dickens, A Christmas Carol, iliyotoka mwaka 1843. Familia maskini ya Cratchit haina oveni. Bata bukini wao anapelekwa kuokwa kwa mwoka mikate wa mtaani, na pudini yao inachemshwa ikiwa imefungwa kwa kitambaa ndani ya chombo kilekile cha kufulia nguo. Pudini ya Krismasi ya Waingereza, ile ambayo mabwana wa shambani walimfundisha guka wangu kama jambo la heshima kubwa, ni chakula kinachopikwa ndani ya maji yanayochemka, na mtu asiye na oveni anakiweza. Nao walikuwa wanatumia walichonacho.

Tukigeuka upande wa bahari ndipo utaona tulivyojichelewesha. Pwani na Unguja, moto wa juu na chini una jina lake na heshima yake. Wanasema kupalia: unapalia makaa juu ya kifuniko. Mkate wa kumimina, wenye mchele uliorowekwa na kusagwa, tui la nazi, hamira na iliki, unapaliwa. Ukifika nyumbani kwa mtu Lamu au Zanzibar ukaletewa kipande cha mkate wa kumimina chenye uso wa dhahabu, hakuna mtu atakayekuomba radhi eti oveni haikuwepo. Mpishi atasimama pale kusubiri sifa zake. Sisi tunao ujuzi huohuo, tumekosa jina lake tu, na labda ndiyo maana tunaunong'ona. Basi tuliazime. Kiswahili ni chetu sote. Kuanzia leo keki ya mama yangu haijapikwa "kwa makaa tu", imepaliwa.

Sasa nije kwenye mambo ya mikono, maana najua kuna mtu ameshashika kalamu.

Msimu wa Desemba huku kwetu kapu halina upungufu. Mvua za vuli zinakwisha, kahawa ya msimu mkubwa inamalizikia kuchumwa, plamu zinaanza kuiva kwenye baridi za juu, karakara zipo, matunda damu yapo, nathi zinaota zenyewe kwenye kingo za shamba na watoto wanazimaliza kabla hazijafika jikoni. Soko la Karatina utatoka umelemewa. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema hakufanya kitu kitamu kwa sababu hakupata krimu ya kopo na cheri nyekundu za chupa, huwa nashindwa kumhurumia.

Kahawa, kwa mfano. Tunalima kahawa inayosifiwa duniani, kisha tunakunywa chai. Sawa, sina ugomvi na chai. Lakini chukua vijiko viwili vya kahawa iliyosagwa, uichemshe iwe nzito kama lami, uichuje, uipoze, uitie kwenye mchanganyiko wa keki mahali pa sehemu ya maziwa. Kisha vunjavunja makadamia juu yake kabla hujafunika. Mti huo wa makadamia uliletwa Kenya mwaka 1946, ukapandwa kwanza upande wa Thika, na sasa umezagaa mashambani mwetu mpaka watu wanaufungia ng'ombe. Karanga zake tunawauzia madalali kwa kilo, nyumbani hazibaki. Bakiza chache. Za msimu uliopita zilizokauka vizuri ndizo tamu, na maganda yake magumu usiyatupe, yanawaka kwa moto mkali ajabu.

Maziwa yakiganda usiyamwage. Maziwa lala yana uchachu, na uchachu ukikutana na magadi ya kuokea unatoa ileile gesi inayoinua keki, kwa hiyo bekin pauda ikiisha dukani huna haja ya kulia. Lakini hapa nisikilize kwa makini, maana niliumia. Nilisema magadi ya kuokea, yale meupe laini. Sikusema magadi ya githeri. Mwaka mmoja, nikiwa bado mgeni wa ndoa na nikitaka kumwonyesha mama mkwe ubunifu wangu, nilitia magadi ya githeri. Hayo ni mawe yanayotoka Ziwa Magadi, ni makali, yanalainisha mahindi na maharagwe vizuri sana. Keki ilitoka ya manjano kama nguo ya shule, na ilikuwa na ladha ya sabuni ya kipande. Mama mkwe alikula kipande chake chote kimyakimya, akasema Mungu abariki mikono yangu, na hakuniomba keki tena kwa miaka minne.

Mayai yakipanda bei, na kila Desemba yanapanda, ndizi moja iliyoiva kupita kiasi inashika nafasi ya yai moja. Keki itakuwa nzito zaidi na itanukia ndizi. Wengine wanatumia soda ya tangawizi badala ya maziwa, na siwacheki. Ile gesi ya soda inasaidia kidogo, tangawizi inanukia, na sukari yake unaihesabu katika sukari ya keki. Anayeitia soda na bado akaweka sukari yote, atakula mwenyewe.

Kwa asiyetaka kuhangaika na makaa, fanya pudini ya ngwaci. Chemsha ngwaci, zile zenye nyama ya rangi ya chungwa zikipatikana, uziponde. Changanya na ndizi mbivu mbili, mayai mawili, asali vijiko vinne au zaidi kulingana na utamu wa viazi, tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, chumvi kidogo, na unga wa ngano wa kushikanisha tu, kama robo kikombe. Mimina kwenye bakuli la chuma lililopakwa siagi, funika kwa jani la mgomba, ufunge kwa kamba ya mgomba huohuo. Weka ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya bakuli, ufunike, uache yachemke polepole. Kumbuka zile nyuzi 94: maji yetu hayana ukali wa maji ya Mombasa, kwa hiyo usitoe kabla ya saa moja na nusu, na uongeze maji ya moto njiani, kamwe yasiwe baridi. Ikipoa inakatika kama jibini. Binafsi naipenda kuliko keki, lakini nyumbani kwangu niko peke yangu katika maoni hayo.

Watoto wafanyie kashata. Mtu wa pwani atatumia nazi. Wewe tumia njugu karanga au makadamia. Yeyusha sukari kwa maji kidogo mpaka iwe shira nzito. Kama una kipimajoto cha jikoni kiweke kando, kwa sababu namba zake zimeandikwa kwa ajili ya watu wa ufukweni. Dondosha tone la shira kwenye maji baridi. Likigeuka kidonge kigumu, mwaga karanga, koroga haraka, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata kabla haijakauka. Kipimo cha tone kwenye maji hakidanganyi, uwe Kilifi au Naro Moru. Na watoto wakae mbali wakati wa shira, inaunguza kuliko chai.

Kuhusu saladi ya matunda na kastadi ya unga, ile ya harusini, sina la kuongeza. Mnaijua. Punguzeni rangi.

Neno moja kuhusu makaa yenyewe, kabla hamjanipigia simu. Najua ninaongea kutoka nchi ya Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, hapo Tetu, na sitasifia makaa kana kwamba yanaokotwa barabarani. Keki moja inahitaji makaa ya kikombe kimoja kikubwa cha kuchotea, basi. Matawi ya kahawa yaliyokatwa wakati wa kupogoa yanatoa makaa mazuri. Vile vidonge vya vumbi la makaa lililofinyangwa na udongo vinafaa zaidi, kwa sababu vinawaka polepole na joto lake halirukiruki. Kata mti kwa ajili ya keki na mimi nitakuwa wa kwanza kukukemea.

Na kwa ninyi mtakaopanda matatu Nairobi wiki ijayo mkiwa mmekumbatia kisanduku cha keki chenye maua ya sukari ya waridi, nawajua, nimekuwa mmoja wenu. Mpaka mfike Sagana ile krimu imeshahamia kwenye kifuniko. Cucu, nyanya yenu, ataipokea, ataisifu, ataiweka kabatini, na Januari mtaambiwa kuku waliila. Safari hii mleteeni unga wa ngano, siagi, trei ya mayai na iliki. Mfike tarehe 23. Mwambieni awaonyeshe alivyokuwa akifanya, mshike njiti ya kufumia ninyi wenyewe, mwandike vipimo vyake hata akisema ni "kiasi tu." Kiasi chake ni mizani aliyoisahihisha kwa miaka 50, kwa jiko lake, kwenye mwinuko wake, na akiondoka ataondoka nacho.

Mama yangu anasikiliza, kwa hiyo niseme hadharani: juu hukuweka mengi mno.

Wengine nawaomba mambo mawili. Mchanga uchekecheni kesho, muanike juani siku mbili, maana mchanga wenye unyevu unatoa mvuke na keki inalowa. Na mkishafunika, msifunue kabla ya dakika 40.